Ribiti Isiyo na Kitone

Fundi ambaye maisha yake ya kazi yanaelezwa hapa alizaliwa Kibera, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, akasoma hadi karo ilipomshinda baba yake, kisha akaingia karakana ya shule moja ya urubani kama mwanagenzi wa kuosha vipuri. Baada ya kustaafu, na hasa baada ya kumzika mwalimu wake, ameona vyema kuweka wazi habari za Cessna 150 moja iliyofunza marubani wengi ambao hawakujua ilikotoka.

Cessna 150 ni ndege ya viti viwili iliyoundwa kwa wingi nchini Marekani hadi mwaka 1977, na mguu wake wa mbele umefungwa kwenye ukuta wa moto, yaani bamba linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Kwa kuwa Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, ndege hugusa ardhi ikiwa na kasi kubwa kuliko ilivyo pwani, na mwanafunzi anayetanguliza gurudumu la mbele hulikunja bamba hilo.

Mwalimu huyo, ambaye karakana nzima ilimwita Mzee, alifundwa na East African Airways, shirika lililokufa mwaka 1977, na ustadi wake mkubwa ulikuwa kusoma ribiti, yaani vipini vya alumini vinavyoshikanisha mabati. Ribiti ya kubeba mzigo ina kitone kilichobonyea katikati ya kichwa chake, ilhali ile yenye kichwa laini kabisa ni ya alumini tupu, nayo haifai kushikilia kiungo cha ndege. Mzee aliburuta ukucha wa kidole gumba juu ya safu nzima, akasimama pale ukucha ulipoteleza bila kukwama.

Rangi ya ndege ile ilipobanduliwa, ubavuni zilijitokeza herufi za VP-K, alama ya usajili wa Kenya enzi za ukoloni, na chini ya ukuta wa moto kikaonekana kiraka chenye ribiti 11 zisizo na kitone. Daftari la kwanza la ndege halikuwepo. La pili lilianza na saa zilizohamishwa, bila neno lolote kuhusu ajali. Msimamizi wa wakati huo, ambaye mikono yake haikuwahi kuingia grisi, alishikilia kwamba ndege safi kwenye daftari ni safi. Wako vijana leo wanaotia saini ukaguzi wa saa 100 kwa imani hiyohiyo, tochi ikiwa mfukoni. Hao wajue kwamba karatasi haikuwahi kukaa chini ya injini.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Mzee hajakubaliana naye katika jambo moja hadi leo. Mzee alizitoboa ribiti zote kwa keke jioni ileile, kabla hazijapigwa picha, akabadilisha bamba na kuandika daftarini maneno matatu tu: “Ribiti 11 zimebadilishwa.” Ndege iliuzwa baadaye pamoja na daftari hilo, na mnunuzi hakuuliza zilibadilishwa kwa nini.