Jani la Kupatana



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba niwaandikie juu ya chakula cha jioni. Nilikila Julai 2024, nilipokuwa likizoni San Francisco, Marekani, katika mkahawa wa Kiburma uitwao Burma Superstar, ulioko barabara ya Clement. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1992, na umejipatia jina kubwa mjini hata watu husimama nje kwenye foleni wakingojea kuitwa. Mimi na mdogo wangu tulingoja karibu saa nzima. Ukungu wa bahari ulikuwa umeshuka, baridi ilikuwa kama ya Kibosho mwezi huo huo, na kwa muda wote ule hatukusemezana zaidi ya maneno kumi.

Sababu ya ukimya huo sina budi kuieleza, ingawa hainiletei sifa. Baba yetu alifariki mwaka 2021, na mdogo wangu hakuja kumzika. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa. Kama angetoka nchini humo, asingeruhusiwa kurudi kwa mke na watoto wake. Alinieleza hayo kwa simu, akilia. Nami, mbele ya wajomba na mashangazi waliokuwa wamenizunguka pale uani, nilimjibu kwamba mtoto asiyemzika baba yake hana kihamba cha kurudia. Kisha nikakata simu, nikavaa mavazi ya ibada, nikaongoza mazishi. Siku hiyo nilihubiri juu ya huruma.

Kwa miaka mitatu tulizungumza kwa kupitia mama. Nyumbani kwetu, tangu nilipopewa daraja la upadre, hata mama mzazi huniita Padre. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyeendelea kuniita kaka. Baada ya mazishi yale, salamu zake zilianza kuja kwa "Padre". Nilijifanya sikuona tofauti.

Yeye ndiye aliyechagua mkahawa. Nilipomwuliza kwa nini Burma, alijibu kwa ufupi: "Babu alikuwa Bama."

Wasomaji wenye umri mkubwa wanalikumbuka jina hilo. Bama ndivyo wazee wetu walivyoiita Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1989 hujulikana rasmi kama Myanmar. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walitiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na kupelekwa huko kupigana na Wajapani. Mwaka 1944, katika majira ya mvua kubwa, walishuka bonde la Kabaw kwa tope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba wakautwaa mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Babu yetu alikuwa mmoja wa Keya hao. Hakutusimulia vita. Alituambia tu kwamba mvua ya Bama haina adabu, kwa kuwa huingia hata pale ulipoficha kiberiti. Aliishi katika nchi ile akiwa na bunduki, na sidhani kama aliwahi kukaribishwa mezani na wenyeji wake.

Basi wajukuu wake tuliitwa, tukaketi. Kwanza ililetwa supu yenye sambusa ndani yake. Sambusa ni msafiri mkongwe: ilitoka pande za Uajemi, ikapitia Bara Hindi ikafika Burma, na kwa upande wa pili ikavuka bahari hadi pwani yetu. Sisi huishika mkononi na kuikamulia ndimu. Wao huikatakata na kuimwagia mchuzi. Ikafuata tambi za kuku zilizopikwa kwa tui la nazi na kuongezwa uzito kwa unga wa dengu, chakula ambacho mtu wa Tanga angekitambua kabla hajakionja. Mdogo wangu, ambaye amekwisha kuzoea mapishi hayo, alinieleza juu ya mohinga, supu ya samaki na tambi za mchele ambayo Waburma huila asubuhi, na ambayo hutiwa vipande vya moyo wa mgomba. Mgomba! Sisi tuliokua tukiwakatia ng'ombe migomba kila jioni tulitazamana, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu tukacheka pamoja. Kicheko kilipokwisha, ukimya ulirudi, nao ulikuwa mzito kuliko ule wa mwanzo.

Hapo ndipo sahani ya mwisho ilipoletwa. Kwa Kiburma huitwa laphet, yaani majani ya chai ya kula. Wenzetu hao hawatosheki na kuinywa chai. Majani machanga hupikwa kwa mvuke, hushindiliwa na kufunikwa, kisha huachwa yachachuke kwa miezi kadhaa hata yawe laini, yenye ukali na uchungu wa mbali. Mezani huwekwa katikati ya sahani, na pembeni yake kitunguu saumu cha kukaanga, karanga, ufuta, dengu, uduvi, nyanya na ndimu. Mhudumu, mama wa makamo mzaliwa wa Yangon, aliukamua ule ndimu na kuchanganya vyote mbele yetu kwa uma na kijiko, huku akieleza kama bila shaka awaelezavyo wageni wote. Alisema kwamba zamani kwao, watu wawili wenye kesi walipokwisha kuamuliwa, waliletewa majani haya. Wakiyala, wameikubali hukumu na shauri limekwisha. Asiyeyala, bado ana neno moyoni. Hata wafalme waliopigana walipelekeana laphet kutafuta amani. Alisema hayo, akatabasamu, akaenda meza nyingine. Hakuwa na habari nasi.

Wapendwa, ninyi mliozaliwa Uchagani mnajua nilichokiona katika sahani ile. Niliona isale. Sisi nasi tuna jani letu. Linaota kwenye mipaka ya vihamba vyetu. Na aliyemkosea mwenzake akitaka kuomba radhi, hulichuma, akalipeleka mwenyewe au kwa mkono wa mzee, na aliyeletewa isale hafukuzi mtu mlangoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikisubiri mdogo wangu aniletee jani hilo, maana yeye ndiye asiyekuja kuzika. Pale mezani nilitambua kwamba aliyepaswa kulichuma ni mimi. Kutokuja kwake kulikuwa msiba wake. Neno nililolitamka mbele ya ukoo lilikuwa kosa langu. Ni mara ngapi nimewaagiza ninyi kupatana na ndugu kwanza, ndipo mlete sadaka altareni? Na mimi nilikuwa nikipanda altareni kila asubuhi.

Nilimwambia hivi: "Nilikukosea. Ulikuwa unalia, nami nikakufukuza nyumbani kwa baba yako. Naomba unisamehe."

Hakujibu upesi. Aliitazama ile sahani, kisha akasema: "Nilifuatilia mazishi yote kwenye simu, nikiwa ndani ya gari, nje ya kazini. Ulipoanza kuhubiri juu ya huruma, nilizima." Akanyamaza tena. Halafu akashika kijiko, akanipakulia, akajipakulia na yeye. "Sijui kama nimekwisha kusamehe," alisema. "Lakini nitakula."

Tukala. Karanga na dengu zilisagika menoni, na uchungu wa majani ukabaki ulimini muda mrefu baada ya kumeza.

Nisingependa mtu adhani kwamba nawasifia jani kana kwamba ni dawa. Nchi yenyewe ya laphet haina amani. Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2017, akiwa Papa wa kwanza kufika huko, akahimiza upatanisho. Tarehe 1 Februari 2021 jeshi lilitwaa madaraka, na vita vikaenea. Mwaka huo huo ulimwengu ulimwona mtawa mmoja, Sista Ann Rose Nu Tawng, akipiga magoti barabarani mjini Myitkyina mbele ya polisi wenye silaha, akiwasihi wasiwapige vijana risasi. Hata milima ya Shan, ambako watu wa Ta'ang hulima chai hiyo, imesikia mizinga. Majani yapo tele huko, kama isale lilivyo tele kwetu. Jani haliwezi kujichuma lenyewe. Linangoja mtu aliyekubali kwamba amekosa, na mwingine aliyekubali kufungua kinywa ale, hata kama moyo wake bado haujafika.

Makaratasi ya mdogo wangu yalikwisha kukamilika, na Desemba ile alikuja nyumbani kwa Noeli pamoja na wanawe. Asubuhi ya kwanza alikwenda peke yake kwenye kaburi la baba, nami nilibaki kwenye uzio, nikiwaonyesha watoto migomba. Alikaa huko muda mrefu. Sikumwuliza alisema nini.

Mbele za watu bado huniita Padre. Lakini juzi aliniandikia ujumbe mfupi: "Kaka, mama ameshakunywa dawa?" Nilimjibu kwamba amekwisha kunywa, kisha nikausoma ujumbe ule tena na tena.

Katika vigango vyetu sijapita nyumba isiyo na isale uzioni. Ukipita karibu nalo leo, litazame, na ujiulize ni nani anayengoja ulichume.

Nawatakieni Dominika njema.