NAKIVUBO, MAHALI GARI KUUKUU LINAPORUDISHIWA UHAI

Anayeshuka bonde la Nakivubo asubuhi, akitokea upande wa Namirembe Road, huzisikia kazi za mahali hapo kabla hajaziona. Nyundo zinagonga chuma, injini isiyo na ekzosi inanguruma, na mabawabu wa mizigo wanapiga kelele ili wapishwe njia. Juu ya kilima cha Old Kampala umesimama mnara wa Msikiti wa Taifa. Chini kabisa unapita mfereji wa Nakivubo, ambao huyakusanya maji ya mji na kuyapeleka Ziwa Viktoria, katika ghuba ya Murchison. Mvua kubwa inyeshapo mfereji hufura, na wenye maduka huharakisha kuinua bidhaa zao juu ya rafu.

Hili ni bonde la watu wa kazi. Hapo upo uwanja wa michezo wa Nakivubo, ulioanzishwa mwaka 1926 na baadaye kuwekwa wakfu kuwakumbuka askari waliofia vitani. Uwanja huo umejengwa upya katika miaka ya karibuni. Jirani yake ni soko kubwa la Owino, ambalo kwa jina la serikali huitwa St. Balikuddembe. Lipo pia soko la Shauri Yako, ambalo jina lake halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa ukurasa huu. Na karibu na Kyaggwe Road lipo soko la Kisekka, ambalo jina lake linamkumbusha Daktari Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda tangu mwaka 1986 hadi 1991. Mwenye gari bovu huelekea huko, kwa maana Kisekka ni soko la vipuri.

Lugha za hapo ni nyingi. Kiganda ndicho kitangulizi, lakini mnunuzi kutoka Kongo, Kenya au Sudan Kusini hufungua mazungumzo kwa Kiswahili, na askari hali kadhalika. Askari wastaafu ni wateja wanaojulikana upesi. Hutembea wima, hushika kipuri na kukigeuza mara tatu, tena hawana haraka. Wengi wao hutafuta vitu vya gari moja: Land Rover.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa imeiangalia jipu ya Kimarekani ya wakati wa vita na kutamani gari la shamba lenye nguvu kama hizo. Kwa kuwa chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita, bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na chini yake ikawekwa chasisi ya chuma. Aina ya kwanza iliendelea hadi 1958, ya pili ikafuata, na ya tatu, Series III, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Katika Afrika Mashariki gari hili lilibeba polisi, majeshi, madaktari, maafisa wa kilimo na wamishenari. Huko Thika, nchini Kenya, kilikuwako kiwanda kilichounganisha Land Rover kwa ajili ya soko la hapa hapa. Si ajabu basi kwamba mtu aliyeendesha gari hilo kazini miaka ishirini hutamani kuwa nalo nyumbani siku za uzee wake.

Habari za wazee wa namna hiyo hufanana sana, hata zaweza kusimuliwa kama za mtu mmoja. Na aitwe Sajini. Baada ya kustaafu alinunua Series III ndefu, ile ya inchi 109, iliyokuwa imelala chini ya mwembe kwa muda mrefu. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Siku ilipovutwa hadi uani kwake, Sajini aliizunguka akitabasamu, akatangaza kwamba ataipaka rangi ya kijani, ile ile aliyoizoea kambini.

Mkewe, ambaye ndiye mshika daftari la matumizi ya nyumba, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Baba Watoto, kabla ya rangi, gari hili litasimama likiambiwa lisimame?”

Swali hilo ndilo kiini cha kazi yote ya kufufua gari kuukuu. Rangi huonekana na majirani, bali chasisi na breki hazionekani. Pesa za kiinua mgongo ni chache, na zikianza kwa kinachoonekana hazifiki kwenye kinachookoa maisha. Makanika mwenye karakana ndogo pale bondeni alimjibu Sajini kwa maneno yale yale ya mkewe, ingawa hawajapata kuonana. “Afande,” alisema, “tuanze na mifupa. Nguo itakuja baadaye.”

Mifupa ya Land Rover ni chasisi. Imeundwa kama ngazi ya mihimili yenye uwazi ndani, na humo matope huingia, yakakaa, yakala chuma kwa siri. Macho hayatoshi kuikagua. Fundi hupita na nyundo ndogo, akigonga kila shubiri. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa hujibu kwa sauti nzito kama debe lenye unga. Mhimili wa nyuma kabisa na mikono inayoshikilia bodi ndiyo hufa kwanza. Gari la Sajini lilikuwa limetoboka mahali pawili. Fundi hakubandika bati juu ya kutu, kama wafanyavyo wenye haraka. Alikata hadi akafikia chuma safi, akachomelea kipande cha unene ule ule, akamimina dawa ya kuzuia kutu ndani ya uwazi.

Watu husema Land Rover haili kutu kwa sababu bodi yake ni alumini. Maneno hayo ni kweli nusu. Alumini haifanyi kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye unyevu huoza na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo fundi mwangalifu huweka mpira au rangi nzito baina ya viwili hivyo, na hutumia bolti zilizopakwa zinki.

Baada ya chasisi zikafuata breki. Series III ina dramu katika magurudumu yote manne. Mipira ya ndani ya silinda zake hukauka gari likikaa muda mrefu, nayo haigharimu sana, wala hairudiwi kutumika. Kosa moja huua watu: kumimina oili ya injini mahali pa mafuta ya breki. Oili huvimbisha mipira, na breki hukamata vibaya au hupotea kabisa mteremkoni. Sajini alinunua mipira mipya na mabomba mapya. Kisha wakakaa jioni nzima wakitoa upepo katika mabomba, kijana wa nyumbani akikanyaga pedali na baba yake akiwa chini na funguo, mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Siku ya kutafuta injini ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Injini ya zamani, petroli ya lita mbili na robo, ilikuwa imepasuka bloku. Sajini alipokuwa akipita kati ya maduka, mtu mmoja asiye na duka wala meza alimfuata akinong'ona. Alikuwa nayo injini, alisema, safi, kwa nusu ya bei ya sokoni, ila yafaa ichukuliwe jioni. Sajini alikwenda kuiona. Ilikuwa nzuri kweli, hata oili yake ilikuwa haijawa nyeusi. Akainama mahali panapogongwa namba, akapapasa kwa kidole. Palikuwa laini. Namba ilikuwa imesagwa kwa tupa.

Mtu ambaye amevaa sare ya nchi yake hahitaji kuelezwa maana ya hiyo. Injini isiyo na namba ina mwenyewe mahali fulani ambaye aliamka asubuhi akakuta gari lake limenyamaza. Hata hivyo mtihani haukuwa mdogo. Kiasi ambacho kingebaki mfukoni kingelipa karo ya muhula mzima, na hakuna ambaye angejua. Sajini alisimama kimya, akafuta kidole chake kwa kitambaa, akasema, “Hapana, mwanangu. Mimi nitalala usingizi.” Akarudi kwa muuza vipuri mwenye duka, mzee ambaye huandika katika risiti namba ya injini, jina la mnunuzi na la muuzaji. Alilipa zaidi, akangoja wiki mbili zaidi. Namba mpya ikapelekwa kuandikwa katika kadi ya gari, kama sheria inavyotaka. Namba ya chasisi, iliyogongwa mbele upande wa kulia karibu na springi, ililingana na kadi.

Mambo hayo yana uzito mkubwa zaidi siku hizi. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yanazuia, kwa jumla, kuingiza Uganda magari yaliyofikisha umri wa miaka 15. Series III ya mwisho ilitoka kiwandani 1985. Basi mwenye nayo hana njia rahisi ya kuagiza nyingine ng'ambo. Ile iliyomo nchini ndiyo ya kutunzwa, na ikiwa haina karatasi safi, jasho lote lililomwagika juu yake laweza kuishia katika uwanja wa kituo cha polisi.

Hapo ndipo vijana wa nyumbani walipoanza kutoa ushauri wao. Walitaka matairi mapana, springi za kuinua gari juu, na injini kubwa ya dizeli ya Kijapani. Makanika hakuwacheka, maana mageuzi mengine yanafaa. Viti vya abiria vinastahili mikanda, usukani mzito waweza kusaidiwa, na taa dhaifu zaweza kubadilishwa. Lakini kila geuzo hudai jingine. Injini yenye nguvu zaidi hudai breki zenye nguvu zaidi. Matairi makubwa huzitesa shafti za ekseli ya nyuma, ambazo katika Series ni maarufu kwa kukatika. Gari likiinuliwa sana, uzito wake hupanda nalo, na kona iliyokuwa rahisi huwa ya kupindulia. Sajini alichagua machache: mikanda, taa, na matairi ya kipimo kile kile cha kiwandani, 7.50 kwa 16. Viti vya nyuma vinavyotazamana aliviacha kwa mizigo, watoto wakakaa safu ya kati wakielekea mbele.

Rangi ilikuja mwisho. Ilikuwa ya kijani, lakini si ya jeshi, kwa kuwa gari la raia halipaswi kujifanya gari la serikali.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kijijini, njia ya Masaka. Walisimama Kayabwe, mahali barabara inapoukata mstari wa Ikweta, watoto wakaweka mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Baadaye wakaiacha lami, na mvua ikawakuta kwenye barabara ya udongo mwekundu. Sajini akabonyeza kifundo cha manjano, magurudumu manne yakashika kazi. Juu ya lami alikuwa hajakigusa, kwa maana gari hilo halina difu ya katikati, na magurudumu manne yakifungwa pamoja barabarani pakavu hulikaza gari na kulivunja gia. Mbele yao palikuwa na mteremko mrefu unaoishia kwenye kinamasi. Alisimama juu, akavuta mkono mwekundu wa gia za chini, akaweka gia ya kwanza, na gari likateremka taratibu kama mzee anayeshuka ngazi, likishikwa na injini yenyewe. Alipokanyaga breki, lilisimama papo hapo, bila kuvuta kulia wala kushoto.

Mkewe, ambaye kwa mazoea hushika mlango penye mteremko, alikuwa na mikono yote miwili juu ya mapaja. Hakusema neno. Walipofika alifungua daftari lake, akapiga mstari chini ya hesabu ndefu ya miezi minane, akalifunga.

Jumatatu iliyofuata Sajini alionekana tena Nakivubo. Tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele lilikuwa likivujisha oili kidogo, naye alikuja kutafuta sili. Makanika alimkaribisha kwa heshima, akamsogezea kibao cha kukalia. “Si limekwisha, Afande?” aliuliza.

“Halikwisha,” alijibu Sajini, “wala haliishi. Linatunzwa tu.” Akakaa, akaanza kuzigeuza sili moja moja mkononi, bila haraka, huku nyundo za bonde zikiendelea kulia pande zote.