Pumzi Ilitangulia, Mifupa Ikafuata

Kazi yangu ni ya kukaa. Nashona sare za shule Temeke, na shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari huwa siondoki kwenye cherehani tangu asubuhi hadi usiku. Siku niliyokwenda kupima presha zahanati, muuguzi alipima, akanyamaza, akafunga tena kile kitambaa mkononi na kupima upya. "Mama, hii iko juu," akasema. Daktari aliniandikia dawa, na akanitaka nianze kutembea kwa kasi, mwili ukizoea nikimbie.

Mtaani kwetu kuna klabu ya jogingi. Alfajiri hupita wakiimba kama mchakamchaka wa shuleni, na kwa miaka nilikuwa nikiwasikia nikiwa kitandani. Nilijiunga nao. Mwalimu wetu, mzee aliyefundisha michezo shuleni maisha yake yote, alinipa sharti moja: "Dada, kimbia mwendo ambao unaweza kuzungumza nami. Ukishindwa kumaliza sentensi, tembea."

Kilichonitesa mwanzoni kilikuwa joto. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Damu inatakiwa misulini kubeba oksijeni, na wakati huohuo inatakiwa kwenye ngozi kutoa joto nje. Moyo huenda mbio kuzihudumia pande zote mbili. Lakini mwili hujirekebisha haraka kuliko nilivyodhani. Ndani ya siku chache tu za mazoezi maji ya damu huongezeka, na kwa wiki moja au mbili jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi. Kizunguzungu kilichokuwa kikinishika tukikaribia kumaliza kikaondoka, nami nikaanza kujibu mazungumzo ya mwalimu badala ya kuitikia kwa kichwa.

Mwalimu alinifundisha pia kuhesabu mapigo ya moyo kabla sijashuka kitandani: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, macho kwenye mshale wa saa. Nilianza na mapigo 84 kwa dakika. Miezi ilivyokwenda yakawa 76, kisha 70, na sasa ni 62. Mwili wa mtu mzima aliyetulia huhitaji takriban lita 5 za damu kila dakika, awe mkimbiaji au asiwe. Moyo uliozoea mazoezi hujaa vizuri zaidi na kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, basi mapigo machache yanatosha. Kila ninapoyahesabu mapigo hayo asubuhi, mume wangu bado amelala, nasikia furaha ambayo siwezi kuificha.

Misuli nayo ilibadilika, ingawa huko siwezi kuweka vidole. Mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuizunguka misuli, na ndani ya seli zake mitokondria, zile sehemu zinazotengeneza nguvu kwa kutumia oksijeni, huongezeka pia. Nililiona hilo Kariakoo: nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kuchukua jora la kitambaa, nikamsalimia muuzaji bila kuhema.

Hapo ndipo nilipotaka kuhamia kundi la wenye kasi. Pumzi ilikuwapo, moyo ulikuwa unataka. Mwalimu akakataa. Alinikalisha kwenye msingi wa ukuta, akaniambia nibonyeze ugoko kwa dole gumba, taratibu kutoka juu kwenda chini, nione kama kuna mahali panapouma. Hapakuwapo. "Nakuamini," akasema, "lakini mfupa haujamaliza kazi yake."

Alinieleza kwamba mfupa unapozoea mzigo mpya, kwanza seli fulani hula sehemu kuukuu, ndipo seli nyingine hujenga upya mahali hapo. Ukarabati huo huchukua miezi, na katikati yake mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa. Mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba nyayo na kupata maumivu kwa sababu ya kutembea gwaride refu. Baadaye, eksirei zilipopatikana, ilionekana kuwa mifupa ya nyayo za askari kama hao ilikuwa na nyufa. Askari wapya hupatwa na hali hiyo hadi leo, kwa kuwa pumzi na misuli vimekwishakuwa tayari kabla ya mfupa.

Maneno hayo yalinigusa kwa sababu ya mama yangu. Alivunjika nyonga akifagia uani, hakuanguka kutoka mahali pa juu, na hakutembea tena vizuri. Hedhi inapokoma mwanamke hupoteza mfupa kwa kasi, na mimi umri huo naukaribia. Mfupa hujengeka kwa kupigwapigwa kwa kiasi, na kila hatua ya kukimbia ni pigo dogo kwenye mguu na nyonga. Nilikuwa nimeingia kwenye jogingi kwa ajili ya presha. Siku ile nilipata sababu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa.

Presha imeshuka. Daktari amepunguza kipimo cha dawa, yeye mwenyewe, baada ya kunipima mara kadhaa. Sijaacha dawa kwa uamuzi wangu na simshauri mtu afanye hivyo. Kwenye cherehani husimama kila ninapomaliza sketi moja, nikazunguka duka.

Kilimanjaro Marathon ijayo nimejiandikisha mbio za kilomita 5. Wenzangu kadhaa wanakwenda 21. Mwalimu ameniambia tutazungumza habari za 21 mwaka unaofuata, nami nimekubali.