Tanzia: Mitindo Huru, Aliyelelewa Dodoma

Wafiwa wenzangu wa Dodoma na Kanda ya Kati, tunawaletea kwa kuchelewa taarifa ambayo wengi wenu mnayo moyoni ingawa haijapata kusomwa hadharani: Mitindo Huru, sanaa ya kuchana papo kwa papo, yule aliyekua mjini kwetu bila karatasi wala kalamu, hatunaye tena. Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 28 Mei 2013, pamoja na Albert Mangweha, kijana mchanaji wa miaka 30 ambaye nchi nzima ilimwita Mangwair, na sisi tuliomzoea tukamkatia jina likawa Ngwair. Kijana alililiwa kwa heshima zote: mwili ulirejeshwa nchini mwanzoni mwa Juni, ukaagwa viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, kisha ukazikwa Kihonda, Morogoro. Mitindo Huru hakuwekewa hata matanga.

Marehemu hakuwa mzaliwa wa hapa. Asili yake ni Marekani, kwa vijana weusi wa New York, na alipoingia Tanzania alipokewa kwanza Dar es Salaam, na watu waliochana kwa Kiingereza kabla ya kuthubutu kwa Kiswahili. Kwa hilo alifanana na rafiki yake mkubwa, kwani Ngwair naye alizaliwa Mbeya tarehe 16 Novemba 1982, akaishi Morogoro, akaja kusoma Dodoma, akapita Mazengo, shule iliyobeba jina la mtemi wa Wagogo. Wote wawili walikuja wageni wakageuka wenyeji, na sidhani kama lilikuwa jambo gumu katika nchi ya watu ambao, ngoma ikipigwa, anayeanzisha wimbo huongeza maneno papo hapo kwa kadiri anavyowaona waliosimama mbele yake. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, aliyezipeleka ilimba na zeze hadi majukwaa ya Ulaya, alifariki mwishoni mwa Desemba 2003, majira ambayo sauti ya Ngwair ilikuwa ikianza kushika redio. Sisemi kwamba mmoja alimpokeza mwenzake kijiti. Habari za vijiti sisi waandishi tunazipenda kupita kiasi. Nasema tu kwamba mji huu haukushangaa kumsikia mtu akitunga huku akiimba.

Na ufukara ulimlea. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa miaka zaidi ya 40 wizara zilibaki Dar es Salaam. Bunge lilikuja likaondoka, na mjini likabaki vumbi, upepo na wanafunzi. Studio zenye majina zilikuwa Dar, mwendo wa kilomita zaidi ya 450, na kijana asiye na nauli hakuwa na pa kuuweka wimbo wake ila mdomoni. Katika hali hiyo marehemu alikuwa rafiki wa kufaa kuliko wote, maana hakudai nauli wala fedha ya kurekodia: mmoja alipiga biti kwa mdomo au kwa kugonga meza, mwingine akachana, na mistari ikaisha pale pale ilipozaliwa. Ngwair, Mez B, Noorah na Dark Master, waliojiita Chamber Squad, walitoka katika maisha hayo.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Mchanaji wa papo kwa papo hutafuta kina cha mwisho kabla hajajua sentensi itapita wapi kukifikia, na wakati ulimi unamalizia mstari huu, akili imeshatangulia kwenye unaofuata. Akisita kidogo tu, biti inamwacha na watu wanamzomea. Wengi walificha hofu hiyo kwa kupiga kelele. Ngwair alichana kama aliyeketi kibarazani na muda wote ni wake, akimtaja aliyeingia mlangoni, akicheka kidogo, akirudi kwenye kina bila kupoteza hesabu, na ndiyo sababu wengi walimwita mfalme wa fani hiyo. Hata alipofika Bongo Records kwa P-Funk Majani na kutoa albamu ya a.k.a. Mimi mwaka 2004, ule wepesi hakuuacha nyuma: “Ghetto Langu”, na “Mikasi” aliyoimba na Ferooz na Mchizi Mox, zinasikika kama nyimbo ambazo hazikupitia daftarini.

Baada yake misiba ilifuatana. Hata arobaini ya Ngwair haijatimia, mchanaji mwenzake Langa Kileo naye alifariki, tarehe 13 Juni 2013. Mez B, aliyetupa “Kikuku”, alifia Dodoma Februari 2015. Mazengo ilikuwa imekwisha kugeuka Chuo Kikuu cha St. John's tangu 2007. Serikali ikahamia kweli kuanzia 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Leo studio zipo, na nauli si kikwazo tena.

Mtaniambia wapo vijana wanaochana bila kuandika. Wapo, na baadhi ni hodari. Lakini sasa simu huinuliwa kabla mchanaji hajafungua kinywa, naye anajua kwamba kila neno litasambazwa na kupimwa, kwa hiyo huja na mistari aliyoifanyia mazoezi nyumbani. Marehemu hakuweza kuishi hivyo. Aliishi kwa ruhusa ya kukosea mbele ya marafiki ambao kesho wangekuwa wamesahau, na ruhusa hiyo imefutwa.

Ameacha albamu na nyimbo ambazo bado zinapigwa kwenye daladala na baa, ingawa hizo, kusema kweli, ni mali ya Ngwair mtunzi. Za kwake mwenyewe, zile za usiku wa mabwenini na vyumba vya kupanga, ambazo naamini zilikuwa nyingi kuliko zote zilizorekodiwa, hazina nakala. Rambirambi wapewe waliokuwepo: waliosoma Mazengo miaka ile, waliogonga meza, na waliotajwa majina katika mstari mmoja wakaenda nao nyumbani.