Mizani 17 Nyuma ya Ukuta

Leo twende mbali kidogo. Tuvuke bahari mpaka Marekani, mashariki ya Chicago, ufukoni mwa Ziwa Michigan, ziwa linalokaribia Viktoria Nyanza kwa ukubwa. Mimi sijafika huko. Nimekwenda kwa vitabu tu. Hapo uko mji uitwao Michigan City, na ndani yake gereza la jimbo la Indiana, lililofunguliwa tangu 1860.

Mwaka 1960 mtu mweusi wa miaka 29, Etheridge Knight, alimnyang'anya mwanamke mkoba apate fedha za dawa za kulevya. Alikuwa ameumia katika vita vya Korea, na dawa hizo zikamshika. Hakimu akamfunga miaka 10 hadi 25. Kwa mkoba mmoja!

Sasa sikia alichofanya. Wafungwa weusi walikuwa na desturi ya kutamba hadithi ndefu zenye vina, mfano wa majigambo yetu, na Knight alikuwa fundi wa kutamba. Kutoka hapo akashika kalamu. Alimtungia shairi Dinah Washington, mwimbaji wa jazi na bluzi aliyefariki 1963. Tena akajaribu jambo gumu: kuutia mwendo wa jazi ndani ya tungo za Kijapani ziitwazo haiku, zenye mizani 17 tu. Wewe uliyefundishwa kuhesabu mizani kwa vidole, kama mimi nilivyofundishwa chuoni, jaribu uone. Jazi yataka kuyumba, kuchelewa, kuruka pigo. Mizani 17 ni chumba chembamba. Labda ndiyo maana mfungwa aliielewa.

Gwendolyn Brooks, mshairi mwenye sifa kubwa, alikwenda gerezani kumwona. Sisi tukienda kumtazama ndugu aliyefungwa twapeleka sabuni. Mama huyu alikwenda kwa ajili ya mashairi. Mwaka 1968 Dudley Randall wa Detroit alikichapa kitabu, Poems from Prison, yaani Mashairi Kutoka Gerezani, na mwaka ule ule Knight akafunguliwa. Mwenyewe alisema kwamba kifungo kilimuua, na ushairi ukamfufua.

Usidhani alitoka malaika. Dawa zilimsumbua miaka mingi bado. Hata hivyo alikusanya watu wa kila namna, hata vilabuni mwa pombe, wasomeane tungo zao na kusahihishana. Alifariki Indianapolis mwaka 1991.