Mashine za matapeli zilizokataa kufa

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo wa wahenga ungefaa kuandikwa juu ya mlango wa ghala moja lililoko mbali sana na kwetu, katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Humo mmehifadhiwa mashine zilizowahi kusifiwa kwamba zinatibu kila ugonjwa chini ya jua. Zilijitembeza kwelikweli, kutoka mji hadi mji na nyumba hadi nyumba, hadi mahakama na madaktari walipozifuata.

Huenda, msomaji, una dada, binamu au jirani aliyehamia Minnesota. Wakenya wengi wamefanya makao huko, hali kadhalika Wasomali, baadhi yao wakiwa waliishi kwanza Eastleigh au Dadaab kabla ya kuvuka bahari. Wakipiga simu nyumbani husimulia baridi inayogandisha maziwa, theluji inayofunika magari, na kazi za zamu hospitalini. Ni wachache watakaokutajia mashine hizi. Hata hivyo, ukibahatika kuwatembelea, waombe wakupeleke.

Minneapolis na St. Paul huitwa Miji Pacha. Mto mkubwa wa Mississippi hupita kati yake, na maporomoko ya maji ya St. Anthony ndiyo yaliyoendesha vinu vya unga vilivyoitajirisha Minneapolis. Ng'ambo ya vinu hivyo, katika mtaa wa zamani ulio kando ya mto, mzee mmoja aliyeitwa Bob McCoy aliendesha kwa miaka mingi makumbusho ya vifaa vya matibabu vya kutiliwa shaka. Alipostaafu mwaka wa 2002 alivikabidhi kwa Makumbusho ya Sayansi ya Minnesota, yaliyoko St. Paul. McCoy alifariki mwaka wa 2010, lakini kazi yake imebaki. Kama ilivyo desturi ya makumbusho yoyote, si kila kitu huwekwa mbele ya wageni kwa wakati mmoja, kwa hivyo uliza kabla ya kwenda.

La ajabu ni kwamba jimbo hilo hilo ndilo lenye hospitali maarufu ya Mayo, katika mji wa Rochester, ambako wagonjwa husafiri kutoka pembe zote za dunia. Tiba ya kweli na tiba ya uongo zilikua katika udongo mmoja.

Kofia ya kusoma akili

Kifaa ambacho kingekuchekesha kwanza ni saikografu, kilichoundwa Minneapolis mwaka wa 1931 na Henry Lavery na mwenzake Frank White. Mteja aliketi kitini, akashushiwa kichwani kofia kubwa ya chuma yenye sehemu 1,954. Vijiti vilipapasa fuvu lake, kisha mashine ikachapa karatasi ndefu kama risiti ya dukani, ikimpa alama katika tabia 32 za akili.

Msingi wake ulikuwa imani kwamba vinundu vya kichwa huonyesha tabia ya mtu, imani ambayo wanasayansi walikuwa wameitupilia mbali zamani. Hata hivyo, katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka wa 1934, watu walilipa kupimwa vichwa. Hakuna aliyeumia isipokuwa mfuko wake. Lakini sogea hatua chache mbele, msomaji, na kicheko kitakukauka.

Mtungi wa maji ya miale

Kuna mtungi wa udongo uliochomwa ambao ukiuona ungedhani ni wa bibi yako kule mashambani. Una kifuniko na mfereji mdogo wa kutekea. Jina lake ni Revigator, na ulipewa hataza mwaka wa 1912. Ndani yake mlipakwa mawe yenye madini ya radiamu. Familia ilielekezwa kuujaza maji usiku na kuyanywa mchana kutwa, glasi sita au zaidi. Mitungi hii iliuzwa kwa maelfu mengi, hasa katika miaka ya 1920.

Wakati huo radiamu ilikuwa habari ya mjini. Ilikuwa imegunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka wa 1898, iling'aa gizani, na madaktari walikuwa wameanza kuitumia dhidi ya saratani. Wafanyabiashara wakasema: kama inaua saratani, basi humpa nguvu mtu mzima. Hawakusema kwamba kinachoua chembe za saratani huua na chembe nzima pia.

Eben Byers, tajiri wa vyuma wa Pittsburgh na bingwa wa gofu ya ridhaa wa Marekani mwaka wa 1906, aliumia mkono mwaka wa 1927. Alishauriwa kunywa Radithor, maji ya radiamu yaliyotiwa katika vichupa vidogo na mtu aliyeitwa William Bailey. Byers alijihisi ana nguvu mpya, akaendelea kunywa. Inakadiriwa alimaliza vichupa 1,400 hivi. Radiamu huingia mwilini kama chokaa, ikajikita mifupani. Meno yakaanza kung'oka, taya likaoza, fuvu likatoboka. Alifariki tarehe 31 Machi, 1932, akiwa na umri wa miaka 51, akazikwa katika jeneza lililotandikwa madini ya risasi. Wanasayansi walipoufukua mwili huo mwaka wa 1965, mifupa ilikuwa bado inatoa miale.

Bailey huyo huyo aliuza pia kifaa chembamba chenye radiamu cha kufungwa mwilini juu ya tezi, eti kirudishe ujana. Yeye mwenyewe alikufa mwaka wa 1949 kwa saratani ya kibofu.

Hesabu ya miaka 1,600

Hapa ndipo penye fundisho ambalo wengi hulisahau. Radiamu hupungua nusu ya nguvu zake baada ya miaka 1,600. Fanya hesabu: mtungi uliotengenezwa mwaka wa 1925 umepoteza takriban asilimia nne tu katika miaka mia moja. Kampuni ilikufa, muuzaji akafa, wanunuzi wakafa, lakini mtungi uko vilevile. Na bado hupatikana katika maduka ya vitu vya kale na minada, ambako mtu anaweza kuununua kama pambo la sebuleni.

Watafiti walioichunguza mitungi hii kwa vifaa vya kisasa walikuta kwamba maji yake hupata si gesi ya radoni tu, bali pia sumu kama aseniki na madini ya risasi. Vinywaji vikali, kama maji ya matunda, huvuta sumu hiyo zaidi. Basi anayesema "mimi nitatilia sharubati tu" anajidanganya.

Sheria ikipiga kifaa marufuku, hukiondoa dukani. Haina mkono wa kufika katika kila kabati, chini ya kila kitanda, wala stoo ya kila mjomba.

Chukua mfano wa mashine ya eksirei ya kupimia viatu. Katika miaka ya 1920 hadi 1950, maduka mengi ya viatu Marekani na Uingereza yalikuwa na sanduku ambalo mtoto aliingiza miguu, naye mama na muuzaji wakachungulia mifupa ya vidole ikichezacheza ndani ya kiatu kipya. Watoto waliifurahia kama mchezo. Miale ilipita miguuni mwao, na muuzaji aliyesimama hapo siku nzima alipata sehemu yake. Jimbo la Pennsylvania liliipiga marufuku mwaka wa 1957. Lakini mwaka wa 1981 moja ilipatikana ingali inatumika dukani huko West Virginia! Eksirei ya hospitali ni jambo tofauti: ina sababu, kipimo, na mtu aliyesomea.

Chupa ya umeme na mkanda wa kupunguza tumbo

Kifaa kingine unachoweza kukutana nacho hata leo ni kile cha mwale wa zambarau. Huwa katika kisanduku kizuri chenye kitambaa laini, na ndani mna mpini na mirija ya kioo. Ukikichomeka, mrija hung'aa zambarau na kutoa cheche zinazochomachoma ngozi. Matangazo yalidai kinatibu upara, baridi yabisi, pumu na mambo mengine kadha wa kadha. Serikali ya Marekani ilimfikia mtengenezaji wa mwisho mkubwa mwaka wa 1951.

Uzuri wa kisanduku hicho ndio mtego. Nyaya zake zilifunikwa kwa mpira au kitambaa ambacho sasa kimekauka na kupasuka. Cheche zake hutoa ozoni, hewa inayowasha mapafu, na ni hatari kwa mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo. Fauka ya hayo, kilitengenezewa stima ya Marekani, ya volti 110 hadi 120. Stima yetu ni volti 240. Ukikiingiza katika soketi ya Nairobi, unacheza na moto.

Wanawake nao waliuziwa Relaxacisor, mashine iliyopitisha umeme misulini ili, eti, mwili upungue huku mtu amelala akisoma gazeti. Takriban 400,000 ziliuzwa. Mwaka wa 1970 mahakama iliipiga marufuku baada ya madaktari kueleza kwamba ingeweza kuharibu mimba na kuzidisha kifafa, ngiri na vidonda vya tumbo. Wenye mashine hizo walionywa wasiziuze mkono wa pili. Ni wangapi waliosikia?

Damu ya jogoo

Kuna tapeli mmoja ambaye kivuli chake kimetufikia sisi. Albert Abrams alikuwa daktari halisi huko San Francisco. Alidai kwamba kwa tone moja la damu kwenye karatasi, mashine yake ingetambua ugonjwa wowote, hata mgonjwa akiwa mbali. Masanduku yake yalikodishwa yakiwa yamefungwa, na mkodishaji aliahidi kutoyafungua.

Wenye shaka wakatuma damu bila kueleza imetoka wapi. Majibu yakarudi: mgonjwa ana malaria, kisukari, saratani na kaswende. Damu ilikuwa ya jogoo. Na masanduku yalipofunguliwa hatimaye, kulikuwa na nyaya zilizounganishwa ovyo. Abrams alifariki mwaka wa 1924, lakini wafuasi waliendelea. Mmoja wao, Ruth Drown wa Los Angeles, alipatikana na hatia mwaka wa 1951. Mwanamke mmoja wa Illinois aliyetegemea sanduku lake alikuwa na saratani ya matiti. Wakati alioupoteza haukurudi, na ugonjwa ukamwua.

Hiyo, msomaji, ndiyo hatari kubwa kuliko cheche zote. Mashine isiyofanya lolote huiba miezi ambayo daktari angeitumia kuokoa maisha.

Je, hujawahi kuona meza imepangwa sokoni, katika jumba la biashara au nje ya mkutano, unaambiwa ushike kijiti cha chuma, na baada ya dakika moja kompyuta inachapa hali ya ini, figo, moyo na mifupa yako yote? Kisha anayekupima ndiye anayekuuzia dawa. Sanduku limebadilika, Abrams yuko palepale. Sukari hupimwa kwa damu, saratani huthibitishwa kwa kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini. Hakuna kijiti kinachosoma hayo yote kupitia kiganja.

Mbona watu hupata nafuu?

Usiwacheke walionunua. Mwaka wa 1796 Elisha Perkins wa Connecticut alipata hataza ya vijiti viwili vya madini vya kusuguliwa mwilini kuondoa maumivu, na watu walishuhudia kupona. Mwaka wa 1799 daktari John Haygarth wa Bath, Uingereza, alichonga vijiti vya mbao na kuvipaka rangi vifanane na vile. Kati ya wagonjwa watano, wanne walisema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vya madini, matokeo yakawa yale yale. Matumaini ndiyo yaliyofanya kazi. Matumaini hupunguza maumivu, lakini hayaui viini vya ugonjwa. Mwaka huo huo Perkins mwenyewe alikwenda New York kutibu homa ya manjano kwa dawa yake, nayo homa ikamwua.

Mfa maji haachi kutapatapa, na mgonjwa aliyekata tamaa hushika lolote. Kwa hivyo, kabla ya kushika, uliza maswali mawili. Je, mashine hii ingetambua damu ya jogoo? Na kijiti cha mbao kingefanya kazi vilevile?

Ukirithi au ukinunua kifaa cha tiba cha zamani, usikichomeke wala kukifungua, na usiwaachie watoto wakichezee. Mtungi au chombo kinachodaiwa kuwa na radiamu usikikwaruze na usikinywee. Kiweke kando, nawa mikono, kisha uwaarifu Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2019. Na mtu akikuambia mashine yake imekukuta na ugonjwa, usinunue dawa yake siku hiyo. Nenda hospitali upimwe upya, tena usimwambie daktari kile mashine ilichosema hadi amalize kupima.