Unga Uliolala

Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii nimeiandika katika insha chungu nzima tangu shule ya msingi, na mara nyingi nimepewa alama kwa ajili yake. Lakini maana yake kamili niliijua mwezi wa Februari mwaka 2025, saa tisa na nusu za usiku, nikiwa nimesimama mbele ya beseni la unga jikoni kwetu Likoni. Msomaji mpenzi, tulia nikupe kisa.

Mama yangu ni muuza mahamri na mbaazi za nazi. Kila siku, ila Jumapili na mwezi wa Ramadhani, meza yake huwa imetandikwa saa kumi na moja za alfajiri kando ya njia iteremkayo kwenye feri. Wateja wake ni watu wa kuwahi: makuli wa bandarini, walinzi watokao zamu, akina mama waendao Marikiti kuchukua mboga. Mtu kama huyo hana dakika ya kungoja. Akifika anataka hamri la moto, mbaazi kwenye sahani, chai ya rangi, ale akiwa wima kisha ateremke mbio kabla feri haijafunga mlango. Ndiyo sababu kwetu chakula cha asubuhi hakipikwi asubuhi. Huanzwa usiku.

Mwalimu wetu wa sayansi ya nyumbani alitusimulia siku moja kwamba huko Marekani kuna watu huloweka slesi za mkate katika mayai na maziwa, wakazilaza katika friji, asubuhi wakazioka. Wanafunzi wenzangu walishangaa. Mimi nilinyamaza. Moyoni nilisema, kumbe hata huko wanalaza! Lakini sikuthubutu kunyosha mkono niseme kuwa nyumbani kwetu unga hulala kila usiku na kwamba mimi ndiye niukandaye. Nilikuwa nikiona haya. Mvulana wa kidato cha tatu, mchezaji wa timu ya shule, halafu jioni amekalia mbuzi akikuna nazi! Nyinyi wenzangu mngenicheka mpaka jino la mwisho.

Sasa nisikilizeni niwape siri ya mama, maana haya nimekwisha yatupa. Kwa mahamri mia moja na ishirini, mama hutumia kilo nne za unga wa ngano, yaani pakiti mbili. Hukuna nazi nne, akakamua tui la kwanza na la pili. Sukari ni chini kidogo ya kilo moja. Iliki huitwanga mwenyewe, hataki ile ya kununuliwa ikiwa imesagwa, anasema ni vumbi tu. Kisha hamira. Vitu hivi hukandwa mpaka unga uache kushika mikono, ukawa laini kama sikio la mtoto. Hufunikwa kwa kitambaa kibichi, ukalazwa. Alfajiri hukatwa madonge thelathini, kila donge likasukumwa duara, na kila duara likakatwa mara nne. Vipande hivyo vikiingia katika karai la mafuta ya moto hufura vikawa kama mito, ndani mna uwazi wa kutia mbaazi.

Mbaazi nazo huloweka mchana na kuchemshwa jioni hadi ziive, lakini hazitiwi tui usiku. Tui likilala na mbaazi katika joto letu la Mombasa huchacha. Nazi mbili za mbaazi hukunwa alfajiri, na tui zito hutiwa mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, ukikoroga ili lisikatike.

Mimi nilianza kukanda nikiwa kidato cha kwanza, mama alipoanza kuumwa na bega. Akinisifu sana. "Mkono wako mtamu, baba," huniambia. Jirani zetu nao wakimwuliza mama, "Leo kakanda kijana?" Akijibu ndiyo, wao hutikisa vichwa. Nami kichwa kikavimba. Nikajiona fundi. Jambo moja tu sikulitilia maanani: siku zote mimi nilikanda, lakini aliyepima hamira ni mama.

Jumatatu moja mama alipigiwa simu kuwa bibi yetu aliyeko Msambweni amezidiwa na maradhi. Nilipotoka shule nilimkuta ameshafunga kifurushi chake. Baba yuko zamu ya usiku juma lile, na mdogo wangu ni wa gredi ya tano. Mama alinikalisha kitako.

"Mwanangu, sitaki meza ilale. Pesa za siku hizi mbili ndizo za dawa za bibi yako. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Hamira vijiko viwili vya chai, basi. Hii ni kaskazi, kuna joto. Tunatia vitatu wakati wa kusi. Na usikande kabla ya saa tatu za usiku. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Naam, nilisikia, ila sikio la kufa halisikii dawa. Mama alipopanda matatu tu, nikaanza kupiga hesabu zangu. Usiku ule kulikuwa na mechi ambayo vijana wa mtaa wote wangeitazama kwa kinyozi. Kama ningengoja saa tatu, ningeikosa. Basi nikaingia jikoni saa kumi na moja za jioni. Tena nikajiambia, mama ana ubahili wa hamira. Vijiko viwili kwa kilo nne! Nikitia zaidi, mahamri yatafura mara mbili, wateja watastaajabu, na mama akirudi ataambiwa kuwa mwanawe amempita. Nikachukua kijiko kikubwa cha chakula. Nikatia vitano.

Nilikanda vizuri, siwezi kusema uongo. Nikafunika, nikaenda zangu kwa kinyozi. Niliporudi nilikuwa na usingizi, hata sikutazama beseni. Nikalala fofofo.

Saa tisa na nusu simu ilipolia niliamka, na kabla sijawasha taa pua ikanipa habari. Jikoni kulikuwa kunanuka kama mangweni. Niliwasha taa. Lahaula! Unga ulikuwa umepanda, ukakisukuma kitambaa, ukafurika ukingoni na kuteremka hadi sakafuni, ambako sisimizi walikuwa wamekwisha anza karamu. Ule uliobaki ndani ulikuwa umebonyea katikati, umejaa matundu kama sifongo. Nilipougusa ulininata vidoleni. Nilionja. Mchungu wa uchachu.

Nilifanya nini? Badala ya kukubali kosa, nikaongeza la pili. Nikaongeza sukari, nikaongeza unga, nikakanda tena, nikachoma. Nilijidanganya kuwa moto utaficha. Mahamri hayakufura. Yalilala bapa juu ya mafuta, yakanywa mafuta kama ardhi kavu inywavyo mvua, wala rangi ya hudhurungi hayakushika. Hata hivyo nikayapanga mezani.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja kuli, ambaye hununua manne kila siku tangu nikiwa mdogo. Aliuma moja, akatafuna polepole. Hakusema neno. Aliyarudisha matatu kwenye sinia, akaweka shilingi kumi juu ya meza, akateremka kwenye feri. Afadhali angenitukana! Wa pili hakuwa na subira kama yake. "Kijana, hamri hizi zina nini leo? Mwatuuzia tembo?" Watu wakacheka. Habari ikatangulia njiani, na waliokuwa wakija wakapita upande wa pili.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeuza ishirini na sita. Mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, pesa za bibi zimetosha?" Sikuwa na jibu. Yaliyobaki niliwapelekea kuku wa jirani, nikaenda shule nimechelewa, na kiboko cha moyoni kilikuwa kikali kuliko adhabu ya geti.

Siku ile, baada ya kipindi cha bayolojia, nilimfuata mwalimu nikamwuliza kuhusu hamira, nikisingizia ni swali la kitabu. Alinieleza kuwa hamira si dawa ya kufanya unga ufure bali ni kiumbe hai, aina ya kuvu ndogo sana isiyoonekana kwa macho matupu. Kuvu hiyo hula sukari, na katika kula hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo huinua unga, pamoja na kileo kidogo. Penye joto hufanya kazi upesi, penye baridi huzubaa, na ukiitia katika maji ya moto sana hufa. Ikiwa nyingi, na ukaiacha muda mrefu, hula sukari yote ya unga, na kile kinachoshikilia hewa ndani kikachoka na kuporomoka. Basi nikaelewa yote kwa mpigo mmoja: ile harufu ya mangweni, lile tundu katikati, ile rangi iliyokataa kushika kwa kuwa sukari ilikuwa imekwisha liwa. Mama hakusomea bayolojia. Lakini vijiko vyake viwili vya kaskazi na vitatu vya kusi vilikuwa na elimu yote ile ndani yake.

Nilikuwa na pesa zangu nilizodunduiza tangu Agosti ili ninunue njumu za kandanda. Jioni ile nilitoa shilingi mia tisa, nikanunua unga, sukari, nazi na iliki. Iliniuma, msinione hivi. Nikafanya kazi yangu ya ziada mezani huku nikitazama saa. Ilipogonga saa tatu, nikapima hamira kwa kijiko cha chai, viwili, tena nikavisawazisha kwa kisu. Nikakanda. Nikalaza beseni sakafuni karibu na mlango, penye upepo. Usiku ule niliamka mara mbili kuchungulia kama mtu aliye na mgonjwa.

Alfajiri unga ulikuwa umefika ukingoni, umetulia, na ulipobonyezwa kwa kidole ulirudi taratibu. Hamri la kwanza lilipofura ndani ya karai, mdogo wangu alipiga kofi. Mimi nilitamani kulia.

Yule mzee alipita. Nilidhani hatasimama. Alisimama, akachukua moja, akaliuma, kisha akanyosha vidole vitatu zaidi. "Leo umekanda wewe au mamako?"

"Mimi, mzee. Hata jana nilikuwa mimi."

"Jana najua," akasema, akalipa.

Nikiwa bado nacheka, nikasikia sauti nyuma yangu, "Ah! Kumbe ni wewe?" Alikuwa mwenzangu wa darasani, ametumwa mahamri kumi na nyanyake. Mimi nimejaa unga hadi kwenye viwiko, nimejifunga leso ya mama kiunoni. Ningeweza kujificha chini ya meza. Nikamfungia mahamri yake. Mengine mnayajua wenyewe, maana kufikia mapumziko ya saa nne darasa zima lilikuwa likiniita Bwana Hamri, na hata leo mwaniita hivyo. Sawa tu. Ila nyinyi mnicheka ndio mnaoniuliza kila Ijumaa kama nimebeba chochote.

Mama alirudi Jumatano jioni. Bibi alikuwa na nafuu. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya kinyozi. Alisikiliza akikunja leso yake, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Yale mabaya uliyauza?"

"Niliuza ishirini na sita, mama."

Alinyamaza kwa muda. "Hapo ndipo ulipokosea. Unga huharibika hata kwangu. Lakini kitu usichoweza kumpa mdogo wako, usimwekee mtu mezani."

Nilimwuliza kwa upole kama atanirudishia mia tisa zangu. Akaangua kicheko. "Hizo ni karo, baba. Umesoma."

Basi, wenzangu, njumu sijanunua mpaka leo, na kocha anajua sababu. Lakini kijiko kidogo cha chai kiko pale pale katika mkebe wa hamira, na sasa mama akikaa barazani kupumzisha bega lake huniachia nipime mwenyewe. Kila usiku saa tatu naukanda unga, naufunika, ndipo nafungua vitabu vyangu. Nimegundua kuwa masomo nayo ni yale yale. Ya kulazwa usiku hayafanywi alfajiri, na asubuhi ikifika kila mtu huonja ulichokanda.